Bastola ya mkononi kwa bajeti ndogo

Ndugu, umeuliza kama fedha kidogo itakupatia bastola ya nusu-otomatiki (inayojipakia risasi inayofuata kila unapofyatua) iliyotumika ambayo haitakuangusha. Itakupatia, ila usikimbilie ya bei ya chini kuliko zote. Tafuta ya risasi za milimita 9, kwa sababu risasi zake ndizo zinazopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, na kwenye risasi ndiko fedha yako nyingi itakakoishia.

Mimi ningeanza na zile zilizotumiwa na polisi kisha zikarudishwa kwa wauzaji, kama bastola aina ya Glock 17. Nje zimechubuka kwa kuchomolewa kwenye mkoba wa kiunoni kila siku, lakini nyingi zimefyatuliwa mara chache. Mchubuko hauna neno. Cha kutazama ni ndani ya mtutu. Toa magazini (kibebeo cha risasi) kwanza, vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, kisha mwombe muuzaji aifungue umulike kwa tochi. Ukiona mtutu umevimba mahali au kutu imeula na kuacha vishimo, rudisha. Springi iliyochoka isikutishe, kubadilisha ni rahisi. Magazini mbovu ndizo husababisha risasi kukwama mara nyingi, basi uliza kama zinazokuja nayo ni za kiwanda kilichoitengeneza bastola.

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, namba iliyochongwa kwenye bastola ilingane na karatasi. Namba ikiwa imekwanguliwa, usiiguse hata ukipewa bure. Na tafadhali, tenga fedha ya mafunzo na kisanduku cha kufungia kabla hujalipa.