Jibu: Wavulana wanatetemeka usiku kambini mlimani

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: wavulana wa hema lako wana mifuko ya kulalia na blanketi mbili mbili, lakini ikikaribia alfajiri wanatetemeka, na asubuhi kuwatoa kwenda mstarini ni kazi.

Anza kuangalia chini yao, si juu. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na mfuko wa kulalia ukishalaliwa hubanwa, hewa ikatoka, ukabaki kama shuka tu. Chukua blanketi moja la juu, likunje, walilalie. Kwenye kambi niliyosimamia, hilo peke yake lilipunguza sana malalamiko.

Kisha kagua nguo. Vijana wakitoka kuota moto hujitupa kulala na soksi zilezile za kupandia mlima. Zishike kwa mkono wako, utakuta zina jasho. Kila mmoja awe na soksi kavu na fulana ya kulalia, isiyovaliwa mchana. Wale kitu kidogo kabla ya kulala. Na usizibe hema lote, maana pumzi hugeuka matone yakalowesha matandiko.

Mmepiga hema wapi? Kama ni bondeni kando ya kijito, hewa baridi hushuka na kutuama hapo. Sogeeni juu kidogo.

Ila mtoto akianza kukokota maneno au kuchanganyikiwa, tafadhali usimwambie alale tu. Mvue nguo zilizolowa, mfunike vizuri, na muuguzi aitwe hapohapo.