Ukifungua duka la vigari Dodoma, anza na majirani

Wewe unayetaka kufungua duka la vichezeo hapa Dodoma, hasa kama unawalenga wakusanyaji wa vigari, nisikilize kabla hujalipia fremu. Huu ni mwaka wangu wa sita katika kazi hii. Kabla hujatundika kibao, zunguka ukawasalimie wenye maduka kama lako: Majengo, Sabasaba, Nzuguni kule Soko la Job Ndugai, popote walipo. Wakusanyaji wa mji huu si wengi. Anayeingia kwako Jumamosi asubuhi, mchana yuko kwao. Mkianza kumgombania, mtashushiana bei mpaka nyote mkose mtaji wa mzigo unaofuata.

Faida ya kuwa pamoja utaiona kwenye katoni. Katoni ya kawaida ya Hot Wheels, chapa ya Marekani ya vigari hivi, ina vigari 72 vya mchanganyiko, na baadhi vinajirudia. Ukiichukua peke yako, utabaki na vitatu au vinne vya aina moja, wakati mkusanyaji anataka kimoja tu. Vingine vitaning'inia ukutani mwaka mzima. Sisi tunachanga maduka matatu, kila mmoja anaondoka na 24, na vile vinavyojirudia tunavitawanya. Mmoja wetu ndiye anakwenda Kariakoo kwa niaba ya wote. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, anaondoka alfajiri, anachagua mzigo, anaupakia kwenye lori, na usiku analala kwake. Nauli yake tunaigawana.

Ugomvi mara nyingi huletwa na kigari kimoja. Tangu mwaka 1995 Hot Wheels huchanganya Treasure Hunt, yaani vigari adimu, ndani ya mzigo wa kawaida, na baadaye zikaja Super Treasure Hunt, adimu zaidi: matairi ya mpira badala ya plastiki, rangi ya Spectraflame inayong'aa kama chuma kilichosuguliwa, na herufi TH zimefichwa kwenye bodi. Si kila katoni inayo. Bei ya jumla haitofautiani na ya vingine, lakini mkusanyaji yuko tayari kuilipia mara nyingi zaidi. Niliwahi kuchanga na mwenzangu mmoja ambaye katoni ililala dukani kwake. Asubuhi tulikuta utepe wa gundi umebandikwa juu ya utepe mwingine, na chini yake karatasi ya boksi imechanika. Hakuna aliyemuuliza kitu, ila hatukuchanga naye tena, na iliniuma kwa sababu alikuwa mtu wangu wa karibu. Siku hizi katoni hufunguliwa mezani wote tukiwepo. Super ikitoka, inauzwa kwa jina la watatu na fedha inaingia kwenye katoni inayofuata. Ukikaribishwa kwenye kikundi chochote cha kuchanga, uliza kwanza kuhusu hilo. Wakiona aibu kulijibu, ondoka.

Mali kauli nayo ni nzuri, ila iandikwe. Ukichukua vigari kumi kwa jirani ukauze umletee fedha, daftari lionyeshe idadi, bei mliyokubaliana, siku ya kurudisha visivyouzwa, na hali ya kila kadi, ile karatasi ngumu iliyoshikilia kigari. Hilo la mwisho wageni hulidharau. Mzazi anayemnunulia mtoto hatajali, kwani kadi itachanwa kabla hawajafika kwenye bajaji. Mkusanyaji anageuza kadi kwenye mwanga, anapitisha kidole kwenye kona nne, na kona moja ikiwa imekunjika anairudisha. Kama hamkuandika, nani alipe? Na jua la hapa linapausha kadi, vumbi la kiangazi linaingia mpaka kwenye mifuko. Weka mzigo wa wakusanyaji mbali na mlango.

Uliza wenzako pia usichokijua. Nilipoanza nilikuwa nasoma mwaka ulioandikwa chini ya kigari na kumwambia mteja kuwa ndio mwaka kilipotengenezwa. Kumbe mara nyingi ni mwaka wa umbo lile kusajiliwa, na umbo moja hutumika miaka mingi. Niliuza kigari kipya kama cha kale, na dada mmoja wa duka la pili ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza. Nilimpigia mteja nikamrudishia tofauti ya bei. Dada yule angeweza kuwasimulia wateja kwamba mimi ni tapeli, lakini hakufanya hivyo.

Na mtume mteja kwa mwenzako bila kusita. Wakati wa Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, mji hujaa wageni. Mzee mmoja aliingia kwangu akitafuta Land Rover ya Matchbox, chapa ya vigari iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1953. Alisema marehemu baba yake aliendesha Land Rover ya serikali kule Kondoa. Sikuwa nayo. Nilimpigia dada yule wa duka la pili, nikamsindikiza mzee mpaka kwenye bajaji. Saa moja baadaye simu ikaita: "Mzee amechukua moja, ya kijani. Anaomba ukipata nyingine umwekee, ni ya mdogo wake." Nimeandika kwenye daftari, na mzigo ujao tutaiangalia hiyo kwanza.