FUNDI ANAJIBU: Noah inakunywa mafuta, au mileji inadanganya?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Noah ambayo anaiendesha mtoto wa dada yangu, Mbeya–Tukuyu, na siku nyingine anashuka hadi Kyela. Mwaka jana ilikuwa inakwenda kilomita 10 kwa lita. Naandika mwenyewe kwenye daftari. Matairi ya zamani, 195/65R15, yalikuwa yamebaki vipara. Tukaweka mapya ya 205/70R15, yenye meno ya tope, maana njia ya kuingia nyumbani mvua zikianza haipitiki. Tangu hapo daftari linasoma 9. Kijana anaapa kwamba hauzi mafuta. Fundi pancha naye kamwambia ajaze upepo hadi 45 ili gari liwe jepesi, sasa abiria wa kiti cha nyuma wanalalamika migongo. Nimwamini nani?
Mama wa Kiwira

JIBU: Mama, ndaga fijo kwa barua, na zaidi kwa daftari. Wengi wanaoniletea kesi ya wese huja na hasira tu, wewe umekuja na namba. Basi usiitishe kikao cha ukoo kwanza.

Kwenye tairi la zamani, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, na 15 ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi hilo likiwa jipya lina kipenyo cha milimita 634 hivi. La sasa lina 668. Limezidi kwa asilimia 5 na kidogo. Mileji haioni barabara, mama. Inahesabu mizunguko, na inaamini gari bado limevaa tairi la kiwandani. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini mileji inaandika kilekile. Hizo 9 zako, barabarani ni karibu 9 na nusu.

Sasa rudi mwaka jana. Tairi jipya la kawaida lina meno ya milimita 8 hivi. La kwako, kwa maelezo yako, labda lilibaki na 2. Kipenyo kilipungua milimita 12, kwa hiyo mileji ilikuwa inakuongezea kilomita ambazo gari halikwenda. Ile 10 ilikuwa 9.8. Toa 9.5 kwenye 9.8. Kilomita 1 nzima unayomdai mtoto, iliyopotea kweli ni 0.3.

Hiyo 0.3 nayo ina wenyewe. Tairi likikanyaga linabonyea, likiachia linajinyoosha, na kila mara nguvu kidogo inaishia kuwa joto. Meno marefu ya tope yanajipinda zaidi, na tairi lenyewe ni zito. Kipara, hata kama inauma kusema, kinanywa mafuta kidogo kuliko tairi jipya. Usikirudie. Rungwe ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na kipara kwenye lami yenye maji ni kuteleza tu. Kama tope ni la nusu kilomita ya kuingia nyumbani na safari nzima iliyobaki ni lami, mimi ningevaa 195/65R15 za kawaida zenye meno mazima, halafu hiyo nusu kilomita nikaimwagia moramu.

Ukitaka kuhakikisha, washa ramani ya simu kutoka Uyole hadi Tukuyu na uilinganishe na mileji. Mchungulie pia kijana akikata usukani hadi mwisho: kama plastiki ya ndani ya bawa la mbele ina alama nyeusi ya kung'aa, tairi linasugua. Na mwambie mshale wa mwendo nao umepungua kwa kiasi hicho hicho, asije akashangaa mbele ya tochi ya trafiki.

Ya upepo. Fundi pancha ameshika nusu ya ukweli. Tairi lililolegea linakula mafuta: Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria asilimia 0.2 hivi kwa kila psi 1 (psi ni kipimo cha upepo unachosoma kwenye geji) inayopungua kwenye matairi yote. Yakishuka psi 10, ni kama asilimia 2. Lakini kupandisha kutoka 33 hadi 45 kunakuokolea kidogo sana, na unalipa kwingine: tairi linakanyagia katikati tu, breki kwenye maji inakuwa mbaya, na kila rasta inakwenda moja kwa moja kwenye shokapu na migongo ya abiria. Nadhani 45 ameisoma ubavuni mwa tairi. Ile ni kikomo cha tairi. Ya gari iko kwenye stika, kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ikiwa imeandikwa 230 kPa, hiyo ni psi 33. Anzia hapo.

Kisha chukua chaki, chora mstari mnene kukatisha tairi, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Liende mita chache kwenye lami kavu, ushuke utazame. Chaki ikifutika katikati na kubaki pembeni, upepo umezidi. Ikifutika pembeni, umepungua.

Apime alfajiri, kabla gari halijatembea. Akijaza Kyela saa saba mchana, halafu gari likalala Uyole mwezi wa saba, asubuhi geji itasoma chini. Kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua huondoa kama psi 1. (Kupanda mlima kunarudisha karibu 2, kwa kuwa hewa ya nje huku juu ni nyepesi, lakini baridi ya Uyole inashinda.) Na tairi likiwa moto asilipunguze upepo, hata kama geji imepanda.

Kuanzia sasa acha kilomita. Andika lita kwa kila safari ya kwenda na kurudi, mjaze tenki kituo kilekile. Zikizidi hapo, ndipo umuulize mtoto.

SWALI: Fundi, hapa Mafinga wanauza upepo wa naitrojeni kwamba unapunguza mafuta. Ni kweli?
Dereva wa Probox

JIBU: Kaka, hewa unayoivuta hapo ulipo ina asilimia 78 ya naitrojeni, na ni ya bure. Ile ya kulipia inavuja polepole kidogo. Mtu anayepima upepo kila wiki hataona tofauti kwenye mafuta. Hela hiyo nunua geji yako mwenyewe, maana za kwenye vijiwe zinadondoshwa kila siku.