Miezi 4 na Crown Athlete hapa Tanga: mambo ya kujua kabla hujaagiza

Watu wananiuliza sana, sheli, kazini, mpaka nikitoka msikitini, hii Crown vipi, inakula mafuta kiasi gani, inafaa kwa barabara zetu au ndo ya kuvaa Jumapili tu, basi nimeona niandike yote hapa kwa kirefu maana kumjibu kila mtu pembeni ya barabara haitoshi na mengine ninayoyajua nimeyalipia pesa.

Gari ni Toyota Crown Athlete ya mwaka 2011, bodi GRS200, injini V6 ya lita 2.5 wanayoiita 4GR-FSE, nguvu farasi 203 kwa karatasi ya kiwandani, giaboksi otomatiki ya gia 6 na inasukuma tairi za nyuma. Niliiagiza Japan ikashukia Dar, ina namba E, kwa hiyo kwangu mimi ni mpya. Kabla ya hapo nilikuwa na IST miaka 7, na naitaja IST makusudi kwa sababu najua wengi mnaotaka kupanda kwenye gari za namna hii mnatoka hukohuko kwenye IST, Passo, Vitz, na tofauti yake ni kubwa kuliko unavyofikiri ukiwa umekaa siti ya abiria kwenye Crown ya mtu.

Siku ya kuichukua nilitoka Dar asubuhi nikapitia Bagamoyo nikatokea Msata. Kitu cha kwanza kilichonishika sio mbio, ni ukimya. Unafunga mlango mji wote unabaki nje. Ngozi ya siti, taa za ndani, saa yake, yule mama wa Kijapani anayeongea ukiwasha (anakukumbusha kadi ya kulipia barabara za kwao, haikuhusu, mzoee tu), yote hayo nayapenda sana lakini ukimya ndo ulionifanya nikae kama nusu saa siweki hata redio. Na redio yenyewe usitegemee stesheni zote, redio za gari za Japan za miaka ile masafa yake ya FM yanaanzia 76 hadi 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, inabidi ununue kile kidude cha kuongeza masafa au ubadilishe redio nzima. Mimi nilifunga kidude, skrini yake nikaiacha kama ilivyo.

Sasa ule ukimya ndo wenye hatari. Baada ya Msata, karibu kufika daraja jipya la Wami, nikaangalia mshale nikakuta niko 130, na mimi mwili wote unaniambia niko 90. Aisee nilishtuka kwelikweli. Kwenye IST ukifika 100 upepo unapiga kelele, usukani unatetemeka, gari yenyewe inakuomba upunguze. Hii haikuombi kitu. Unakanyaga mafuta kidogo kulipita lori, inachomoka, lori limebaki nyuma, na wewe husikii kama kuna jambo limetokea mpaka uone kona ilivyokuja haraka. Kabla ya kufika Segera nikapigwa tochi, nilikuwa 71 kwenye kibao cha 50, nikalipa 30,000, na ilikuwa haki kabisa maana pale kulikuwa na watoto wa shule wanavuka. Tangu siku ile nina sheria yangu moja, nikiona kibao cha 50 nasoma mshale kwa macho, sipimi kwa hisia, na nakushauri mwezi wako wa kwanza wote ufanye hivyo mpaka masikio yako yaizoee gari.

Nilipofika Tanga ndo darasa lenyewe likaanza. Nakaa Sahare, kutoka lami mpaka nyumbani kuna kipande cha vumbi chenye mawe, mvua ikinyesha kinachimbika katikati. Nikiwa peke yangu inapita. Siku nimembeba mke wangu, watoto 2 na mama, tuta la kwanza tu ikakwangua chini, sauti ile kama mtu anakukata wewe mwenyewe. Tuta la pili likagusa bampa. Wiki ileile nikaenda gereji, na fundi bila hata kufikiri akaniambia dawa ni spesa (vipande vya chuma vya kuchomeka juu ya shokapu), tunaipandisha inchi moja na nusu mbele na nyuma, magari yote ya mjini hapa yanafanyiwa hivyo. Nikakubali. Hilo ndo kosa lililonifanya niandike makala hii, kwa hiyo nisikilize vizuri hapa.

Mtaani kwetu gari ikawa haigusi tena, nikafurahi siku 3. Jumamosi nikaenda Korogwe kumchukua mzee wangu. Mzee aliendesha malori ya mkonge miaka mingi, kutoka mashamba ya upande ule kuja bandarini Tanga, sasa hivi amestaafu lakini akipanda gari anasikiliza na mgongo. Tukapita Segera tukaingia ile barabara ya kuja Tanga, tunakaribia Hale, kwenye kona nikaona mbele kama inaelea, nashika usukani inajibu kwa kuchelewa, nyuma inataka kunipita kidogo. Sikuwa hata 80. Mzee hakusema kitu mpaka tumetoka kwenye kona, halafu akaniuliza, "Mwanangu, gari hii umeichezea nini?" Nikamwambia, "Nimeipandisha, baba, ilikuwa inagusa matuta." Akanyamaza tena, tukafika Muheza akaniambia simama tununue machungwa, tukiwa chini ya mti pale akaniambia, "Waliotengeneza gari walikaa nayo miaka wakapima. Wewe umekaa nayo wiki 3. Kairudishe ilivyokuwa, matuta utajifunza."

Nikairudisha Jumatatu. Nimeelewa baadaye kwanini. Gari kama hii uzuri wake wote uko kwenye kukaa chini, uzito wake uko karibu na barabara, na miguu imepangwa kwa pembe zake, ukichomeka vipande vya chuma juu ya shokapu zile pembe zote zinahama, alaimenti inakwenda, boljointi zinakaa vibaya, tairi zinaliwa upande mmoja na kona zile ulizonunulia gari unazipoteza. Unabaki na gari ghali yenye tabia mbaya. Kwa kweli kama njia ya kwako hairuhusu kabisa gari ya chini, nunua Harrier au Forester, ni gari nzuri sana, utaishi nayo kwa raha. Usinunue Crown ili uigeuze kuwa kitu kingine.

Na matuta nimejifunza kweli. Tuta refu naliingia kwa mshazari, tairi moja kwanza halafu nyingine, kama hakuna anayekuja mbele, naachia breki kabla tairi haijapanda maana ukiwa umekanyaga breki pua inainama na ndo bampa linapogusa. Watu wakiwa wengi ndani naomba wawili washuke pale kwenye jiwe letu watembee hatua 10. Mke wangu mwanzoni hakupenda, sasa hivi anashuka kabla sijasema. Kile kipande cha kwetu tumechangishana majirani tukamwaga kifusi tripu 2, ilitugharimu pesa kidogo kila nyumba kuliko ambayo ningelipa kwa bampa moja.

Tairi. Hapa watu wengi hawapigi hesabu. Athlete inavaa 225/45 ringi 18, kingo yake ni nyembamba, shimo moja la ghafla usiku unaweza kupoteza tairi na ringi pamoja. Mimi nilikuta za nyuma zimekauka, zina nyufa ndogondogo, japo kashata (meno ya tairi) zilikuwa bado nene, na hilo ni jambo la kawaida kwa gari iliyokaa yadi muda mrefu. Angalia tarakimu 4 pembeni ya tairi, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ukiona 1417 ujue ni wiki ya 14 ya 2017, usiiamini kwa safari hata kama inang'aa. Niliambiwa 280,000 kwa tairi moja, na za IST nilikuwa nanunua chini ya nusu ya hapo. Gari inayosukuma nyuma yenye nguvu hii na tairi mbovu za nyuma, kwenye mvua za masika, hapana jamani, kama pesa haitoshi acha muziki, acha tinti, acha ringi za mapambo, nunua tairi.

Kuhusu bei ya kuagiza naomba usiangalie ile bei ya Japan ukafurahi. Kodi zetu zinakwenda hivi: ushuru wa forodha asilimia 25, injini ikizidi cc 2000 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10, gari ikizidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30, na VAT asilimia 18 inakuja juu ya mkusanyiko wa hivyo vyote, bado tozo ndogondogo. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia mtu hata senti, maana wanatumia thamani yao sio ile uliyoandikiwa kwenye invoisi. Mimi kodi ilizidi pesa niliyolipia gari yenyewe. Halafu omba karatasi ya mnada, isome gredi na ramani ya mikwaruzo, ukiona R au 0 ujue iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Na ukishamaliza yote hayo uwe na milioni 3 au 4 pembeni ambazo hujazigusa. Bila hizo subiri. Nasema kwa moyo kabisa, nimeona mtu ninayemfahamu gari yake imekaa juu ya mawe miezi 5 kwa sababu pesa yote iliishia bandarini.

Mafuta: mjini hapa napata kama kilomita 7 kwa lita, safari ndefu nikitulia nafika 11. EWURA wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na Tanga tuna bei yetu kwa kuwa mafuta yanashuka hapahapa bandarini, kwa hiyo mimi najaza Jumanne au Jumatano kutegemea mwelekeo. Jaza sheli yenye wateja wengi. Injini hii inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, haitaki petroli chafu.

Sevisi nayo, mwaga oili ya injini gari ikifika tu, usiamini stika ya Kijapani. Kwenye giaboksi kuwa mkali, inatumia ATF WS na haina stiki ya kupimia, kuna fundi alitaka kuniongezea ile nyekundu ya kawaida aliyokuwa nayo kwenye kopo, nikakataa nikasubiri siku 4 ije sahihi. Timing yake ni cheni, asikudanganye mtu kwamba mkanda umefika muda wa kubadilishwa.

Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari kuna chumvi. Upepo wa Sahare na Raskazone unakula chuma usiku kucha, na gari hizi za Japan nyingine zinakuja tayari na kutu ya chini. Kila Ijumaa naosha chini kwa maji ya bomba, miguu, mabomba ya breki, egzosi, dakika 20 tu. Juu kung'aa sio shida yangu sana.

Halafu baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na gari isiyo na kelele inamfikia mtu mgongoni hajaisikia. Wakati wa magharibi pale Ngamiani wazee wanarudi majumbani, hawana taa, wengine wamebeba mkaa mpana kuliko kioo chako. Kwenye IST walikuwa wananisikia. Sasa hivi nawasha taa mapema, napiga honi fupi kwa mbali, sio ile ya kumshtua mtu akiwa pembeni yako, na naacha nafasi ya mtu kuanguka. Hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote niliyoandika hapa.

Funguo yake ni ile ya kukaa mfukoni. Ilikufa betri usiku pale stendi ya Kange nikiwa nimempeleka mgeni, nikasimama na gari haifunguki. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma, unauchomoa unafungua mlango, halafu unakanyaga breki na kugusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, ikilia unabonyeza, inawaka. Jaribu hilo nyumbani mchana. Na bima, kata kubwa. Ile ndogo ya 118,000 inamlipa mwenzako, taa moja ya mbele ya gari hii ikivunjika utajua thamani ya bima kubwa.

Tairi za nyuma zimefungwa juzi, alaimenti imepimwa, inakwenda kama imenyooshwa kwa uzi. Mzee amenipigia leo asubuhi anauliza kama spesa zimetoka, nikamwambia zimetoka zote, akasema basi nije nimchukue Jumamosi anataka kwenda Lushoto kumwona dada yake, na zile kona za kutoka Mombo kupanda juu anataka kukaa mbele.