Je, tukihamia Texas tutaepuka kodi?

Swali: Tunaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, mimi, mume wangu na watoto wawili. Kwa mwaka tunaingiza kama dola 62,000. Shemeji yangu aliye Houston, Texas, anasema huko hakuna kodi ya mapato, tuhamie tukanunue nyumba ya dola 300,000. Anasema pia tuanze kuandikisha anwani yake kazini hata kabla hatujahama. Tutaokoa kiasi gani?

Jibu: Kidogo sana, dada. Kwa kipato hicho na familia hiyo, kodi ya mapato ya Minnesota kwa mwaka 2024 haikufika dola 1,300, tena kabla ya nafuu ya watoto. Makato mazito mnayoyaona kwenye mshahara ni ya serikali kuu na Social Security (mfuko wa pensheni wa taifa), nayo yatawafuata hadi Houston.

"Texas hakuna kodi" naisikia kila msimu wa ritani (fomu ya kodi ya mwaka), na inaniudhi kwa sababu wanaoumia ni watu wa kipato kama chenu. Shule na barabara za Texas zinajengwa kwa fedha vilevile, ila huko wanazipata zaidi kwenye majengo na mauzo. Nyumba hiyo, hata ukipata punguzo la mwenye nyumba anayeishi humo, inaweza kudaiwa kodi ya majengo dola 4,000 na zaidi kwa mwaka. Kwenye mitaa mipya inayolipia deni la mabomba yake ya maji, huzidi hapo. Kodi ya mapato hupungua ukikosa kazi, hii haikungoji. Ukipanga, utailipa ndani ya pango. Nguo za watoto, ambazo Minnesota hazitozwi kodi ya mauzo, Houston zinatozwa asilimia 8.25. Na bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko: kimbunga Harvey cha 2017 kiliwakuta wengi hawana bima ya mafuriko.

Kama mnafuata ndugu, kazi nzuri zaidi au nyumba ya bei mnayoimudu, hameni. Kodi isiwe ndiyo sababu.

Hilo la anwani liacheni kabisa. Mshahara wa kazi uliyoifanya ukiwa Minnesota hutozwa na Minnesota, hata kama nyumbani kwako ni Texas. Kuandika anwani ya uongo ni udanganyifu, na anayeomba uraia ataulizwa habari za kodi zake. Wapo wanaouza ujanja huu kwenye makundi ya WhatsApp, wanakujazia ritani kwa malipo kisha hawaweki jina lao popote. Sheria inamtaka kila anayelipwa kuandaa ritani aitie sahihi na kuandika namba yake ya IRS, idara ya kodi ya serikali kuu. Akikataa, chukua karatasi zako uondoke, maana barua ya kudaiwa itakuja kwa jina lako peke yako.