Kisigino kinauma: nipumzike au niendelee?

Nakimbia alfajiri hapa Tanga, kutoka Chumbageni hadi Raskazone. Nikishuka kitandani, hatua za kwanza kisigino kinachoma kama nimekanyaga msumari. Baadaye kinatulia, jioni kinarudi. Huu ni mwezi wa nne tangu kianze. Niache kukimbia?

Usiache, punguza. Dalili zako ni za utando mgumu wa unyayo, ule unaotoka mfupa wa kisigino kwenda vidoleni. Usiku unakaza, asubuhi unauvuta ghafla. Wakimbiaji wengi huupata kwa kuongeza masafa upesi kuliko mguu unavyozoea, au kwa raba zilizokwisha soli. Kimbia nusu ya masafa yako, siku nyingine panda baiskeli. Baiskeli Tanga hazijawahi kukosekana. Ukiamka kesho yake maumivu hayajazidi, uko salama. Yakizidi, umepitiliza.

Kabla ya kushuka kitandani, pandisha mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea ugoko kwa sekunde 10, mara 10. Rudia mara 3 kwa siku. Kisha lipo zoezi ninalolisisitiza kuliko yote: simama kwenye ngazi, taulo iliyokunjwa chini ya vidole, inua kisigino kwa hesabu ya 3, tulia 2, shuka 3. Fanya siku moja, pumzika moja. Watafiti wa Denmark walilinganisha kuimarisha huku na kunyoosha peke yake. Baada ya miezi 3 walioimarisha walikuwa na nafuu zaidi. Watu huliacha kwa kuwa wiki ya kwanza halionyeshi kitu. Tafadhali usiliache. Wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa.

Nakaanga samaki Ngamiani, nashinda nimesimama kwenye saruji na kandambili.

Pole mama. Kusimama huko nako ni mzigo kwa utando uleule. Kandambili zilizolika ziweke kando, vaa viatu vya soli nene hata nyumbani, na tandika mpira mnene unaposimama. Mazoezi ya hapo juu ni yako pia.

Eksirei imeonyesha mwiba kwenye kisigino. Nichomwe sindano?

Mwiba huo ni kijimfupa kilichoota, usikutishe. Wengi wanao bila maumivu, na wanaoumwa hupona mwiba ukiwa palepale. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza kwa wiki kadhaa, ila ikirudiwarudiwa inaweza kudhoofisha utando hadi ukachanika. Mimi ningeanza na mazoezi ya miezi mitatu.

Mwanangu wa miaka 11 anacheza mpira Sahare, visigino vyote vinamuuma.

Huyo ni tofauti. Umri huo mfupa wa kisigino bado unakua, na kano ya nyuma ya mguu inauvuta. Apunguze mechi, anyooshe mashavu ya miguu. Mfupa ukikomaa huisha.

Niende hospitali lini?

Kisigino kikivimba na kuwa cha moto, kikiuma usiku umelala, unyayo ukifa ganzi, au ukisikia kitu kimekatika ukashindwa kukanyaga. Mwenye kisukari aende mapema, na asiweke barafu mguuni.