Anahesabu mpaka ishirini ila vijiko vitatu vinamshinda

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, anahesabu moja mpaka ishirini bila kukosea, wageni wakija anahesabu wanampigia makofi. Sasa juzi namwambia niletee vijiko vitatu, kaja na rundo zima, nikarudia ikawa vilevile. Wifi yangu anasema mtoto kakariri tu, kichwani hamna kitu, nimtafutie tuisheni. Nisaidie. – Mama wa mmoja, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Mtoto yuko sawa kabisa, na tuisheni ya miaka miwili na nusu nakuomba achana nayo. Wifi kapatia hapo kwenye kukariri ila "kichwani hamna kitu" hapana jamani! Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani, Karen Wynn, aliwaonyesha watoto wa miezi mitano mdoli mmoja, akauziba na kipazia, wakaona mkono unaongeza mdoli mwingine, alafu pazia linatolewa upo mmoja tu, basi watoto wakakodoa macho muda mrefu kuliko walipoikuta miwili, dalili kwamba walishangaa hesabu haijakaa sawa. Miezi mitano hiyo, hata kuongea bado.

Kinachomsumbua wako ni kwamba ile moja mbili tatu kwake bado ni kama wimbo. Watoto wengi wanaelewa kwanza moja ni ngapi, inapita miezi ndo wanaelewa mbili, alafu tatu, na kule kujua kwamba namba uliyoishia ndio jumla ya vitu vyote, wengi kunawaingia kwenye miaka mitatu na nusu kwenda minne. Kwahiyo mpe muda.

Ishirini iache kwanza, rudi kwenye moja na mbili. Niletee kijiko kimoja. Lete ndala za baba, mbili. Akileta nyingi usimgombeze, chukua mkono wake aguse kila moja na kuisogeza pembeni, moja, mbili, alafu malizia "ndala mbili", hapo mwisho ndo penyewe, wengi tunaparuka. Na ukienda sokoni nenda nae, lile fungu la nyanya tatu chini moja juu ni darasa tosha, mkifika nyumbani mwache alipange mwenyewe, liporomoke, apange tena, we usimpangie. Kuanua nguo pia, soksi atafute mwenzake, kubwa huku ndogo kule, hiyo nayo ni hesabu wala hajataja namba yoyote.

SWALI: Wangu ana miezi minane, nimwekee programu gani ya hesabu kwenye simu? – Baba, Morogoro

JIBU: Usiweke yoyote baba. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto chini ya mwaka asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Mpe sufuria mbili tatu zinazoingiana na vifuniko vyake, atahangaika kipi kinaingia kipi kinagoma, au mfichie kikombe chini ya kanga umwache akitafute. Vizibo vya soda, maharage na sarafu hapana, kwa miezi minane kila kitu kinaenda mdomoni na hivyo vinapalia, na akichezea maji kwenye beseni usinyanyuke hata kidogo.